Akiba ya Bunduki

Nilikuwa naitia mafuta cherehani siku simu ilipokuja. Mie ni mtu wa ndani. Wenzangu wakisema wana safari wanamaanisha Mwanza au Dubai. Mie nikisema nina safari namaanisha naenda dukani kununua uzi, na nikirudi najilaza kama niliyetoka kuhiji. Kwa hiyo simu ikiita kwangu huwa ni mteja anayelalamika nguo inabana, au mama. Alikuwa mama. Hata hali hakuniuliza.

"Mtani kafa."

"Mtani gani?"

"Kwani sie tuna watani wangapi wenye jina? Mzee Shija. Wanazika kesho saa kumi. Sasa nani atamwigiza? Mie magoti yangu yamemtangulia. Utakwenda wewe, na usiniambie habari za cherehani."

Nikabaki nimeshika kichupa. Ile harufu nyembamba, harufu ya chuma kilichooga, ikanipanda puani na kunirudisha uani kwetu. Maana sie wakati ule hatukuwa na cherehani. Mafuta ya cherehani ndiyo tuliyokuwa nayo, kwenye dirisha la chumba cha wazee, na hayakushonea kitu. Yalikuwa ya bunduki ya baba.

Tulikaa mbele ya Mbagala, huko ambako leo kuna fremu za maduka na vinyozi watatu kwenye kona moja. Wakati huo ilikuwa mikorosho na mihogo. Baba alikuwa karani wa ghala mjini, Mzaramo wa kuzaliwa hapohapo, na msimu wa ndege ukifunguliwa alikata kibali chake akaenda kutafuta kwale na bunduki aliyoachiwa na babu. Ilikuwa ya mtutu mmoja. Unaikunja kama unavunja muwa, unaingiza risasi moja, unapiga, basi. Baada ya hapo umeshika gongo. Ukikosa, kwale anakwenda kuwasimulia wenzake. Baba alikosaga sana. Kwa familia ya mwindaji, tulikula mchicha mwingi.

Yeye mwenyewe hakuona kama anakosa. Bunduki ndiyo iliyokosa. Ndipo akaanza kutafuta nyingine, na baba akianza kutafuta kitu mjue mwaka umekwisha, kwa sababu alikuwa mpimaji. Tikiti maji alilipiga makofi kama daktari wa kifua. Godoro letu alilijaribu dukani mara nne, kila mara akivua viatu na kulala chali, mpaka mwenye duka akamuuliza kama amletee na chandarua. Nimemrithi. Jiko la mkaa ninalopikia nililichagua wiki tatu, na bado linavuta upande.

Mzee Shija alikuwa na bunduki anayoiuza. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, amekaa Dar miaka mingi kuliko baadhi ya barabara. Ujana wake wote aliwaongoza wawindaji porini, na mmoja wao alipoacha kuwinda alimuuzia shotigani yake. Sasa macho yalikuwa yanaingia ukungu, akaona aiuze kabla hajampiga ng'ombe wa mtu. Lakini miguu! Miguu ya Mzee Shija ilikuwa kitu cha kutazamwa. Alitembea kwa katambuga, vile viatu vya tairi, kutoka kwake mpaka kwetu, mwendo wa saa nzima, akafika bila jasho. Alisema miguu hiyo ndiyo shamba lake, ndiyo nyumba yake, vingine vyote ni mizigo.

Na alikuwa mtani. Mzaramo na Mnyamwezi hawakasirikiani. Wanatukanana, wanachukuliana vitu, na anayekunja uso ndiye mwenye makosa. Mie nilimwamkia, "Shikamoo babu," akajibu, "Marahaba, Mzaramo mdogo. Wazazi wako wapo, au wamesikia ngoma wameuza nyumba?" Mama naye akitokea mlangoni: "Karibu mpagazi, tua mzigo. Leo umebebeshwa na nani?" Ndivyo walivyosalimiana watu wazima waliopendana.

Bibi mzaa baba alipofariki, Mzee Shija alifika msibani, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza la kubebea maiti lililokuwa limeegemezwa ukutani, akalilaza chini, akalala ndani yake. "Sitoki mpaka nipewe pilau! Bibi huyu alikuwa mke wangu, hamwezi kumzika peke yake!" Halafu akajidondosha nje, akajigaragaza mchangani, akiita mama yake kwa Kinyamwezi: "Mayu! Mayu wane!" Baba, aliyekuwa hajacheka siku mbili, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alichukua khanga akamfunika Mzee Shija gubigubi, akasema, "Na huyu tumalizane naye leoleo." Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ambayo hakuna aliyenifundisha: Mzee Shija akianguka, watu wanacheka.

Bunduki aliileta imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Baba akaivua, akaitazama, akajitahidi asionyeshe kwamba ameipenda.

"Hii," Mzee Shija akasema, "siyo lile gongo lenu. Hii ukipiga, inatema ganda yenyewe na kumeza risasi nyingine yenyewe. Kazi yako kidole tu. Hata Mzaramo anaweza."

Mie nilikuwa na miaka minane hivi, nimechuchumaa pembeni. Inatema. Inameza. Yenyewe. Niliiangalia ile bunduki nikaona wazi kwamba ina koo. Toka siku ile nilipita mbali nayo, na nilipoachwa nayo chumba kimoja niliiambia shikamoo, nisije nikaonekana sina adabu.

Wiki nne baba aliipima. Alisimama uani, akafumba macho, akaiinua begani, akayafumbua kuona kama jicho limeangukia sawasawa juu ya mtutu. Mara thelathini. Majirani wakadhani kaanza kuumwa. Akatembea nayo tupu, begani, kuzunguka mihogo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwa sababu, alisema, bunduki nyepesi dukani huwa nzito porini. Akaifungua, akatandaza vyuma vyote juu ya gunia, akavipangusa masizi kwa mafuta ya cherehani, akalalamika.

"Ina matumbo mengi hii. Mchanga ukiingia je?"

"Mchanga ukiingia unautoa. Wewe ulipooa uliuliza mchanga?"

"Na risasi nyepesi inazitema? Nimesikia nyingine zikipewa risasi nyepesi zinakwama katikati."

"Mzaramo, wewe hupimi bunduki. Wewe unatafuta sababu ya kutonunua."

Mama alikuwa anatwanga. "Mwache apime. Mie mwenyewe alinipima miaka miwili."

"Akakosea," akasema Mzee Shija.

Kisha akamgeukia baba, na nakumbuka sauti yake ilishuka kidogo, ila sikujua wakati ule maana ya sauti kushuka. "Sikiliza nikwambie kitu kimoja cha hii. Hii ikishapiga haijamaliza. Kama mkeo." Mama akamrushia ganda la muhogo. Baba akacheka. Tukacheka wote, naye akacheka, na lile neno, ambalo lilikuwa neno la maana kuliko yote yaliyosemwa uani kwetu mwaka ule, likapita kama matusi mengine.

Siku ya kujaribu kwa risasi za kweli ilikuwa asubuhi, nyuma kabisa, pale mikorosho ilipoishia. Mie nilipewa kazi mbili. Ya kwanza, kuchora kwale kwa mkaa kwenye vipande vya boksi la televisheni. Kwale wangu walitoka kama viatu, baba akasema vinatosha. Ya pili, kushika mfuko wa risasi na kuokota maganda. Sijawahi kupata cheo kikubwa kama kile, kabla wala baada.

Kwanza risasi nyepesi. Baba akapiga. Ganda jekundu likaruka kulia, likaanguka majanini linafuka, na harufu kama ya kiberiti kilicholowa ikatanda. Akapiga tena. Haikukwama. Akaenda kwenye boksi, akaweka kiganja juu ya matundu, akahesabu, akarudi amenuna kwa furaha. "Kushoto kuna uwazi. Kwale angepita pale."

"Kwale wako anavaa namba ngapi?" Mzee Shija akamuuliza, akitazama mchoro. "Maana nakiona kiatu."

Zikabaki risasi nzito. Baba alitaka kuona jinsi pigo la pili linavyofuata la kwanza: mbili, haraka, boksi la karibu halafu la mbali. "Iwekee mbili, mtani," akasema, akaondoka kwenda kusimamisha maboksi.

Mzee Shija akanikunjulia kiganja. "Lete tatu."

"Baba kasema mbili."

"Baba yako anadhani anapima bunduki. Leo bunduki inampima yeye." Akainama, uso wake karibu na wangu, alinukia tumbaku. "Bunduki hii bwana, mjukuu, haipewi zote ikatoa zote. Ukiilisha tatu, inatema mbili. Moja inajiwekea akiba. Na akiba je?"

"Haiozi," nikasema, kama shuleni.

"Haiozi. Usimwambie. Tumwone."

Nikampa tatu. Nilizihesabu kwa kuzishika, zilikuwa nzito na baridi kama betri za redio. Akazisukuma moja moja tumboni mwa bunduki, na kila moja ilipoingia nilimeza mate.

Sasa hivi najua alitaka nini. Baba akishapiga mbili angeshusha bunduki, ameridhika, kama alivyozoea na lile gongo lake, bila kuifungua kutazama. Hapo Mzee Shija angeichukua, amwonyeshe ya tatu, amcheke mpaka Idd, na tangu siku hiyo baba asingesahau tena maisha yake yote. Lilikuwa somo. Wanyamwezi na Wazaramo hawajui kufundishana bila kuaibishana.

Baba akarudi, akaipokea. Mama alikuwa anakuja kwa njia ya mihogoni na birika la chai. Baba akapiga. Boksi la karibu likaruka. Akapiga tena, la mbali likapasuka. Maganda mawili yakatua mbele yangu. Nikayaokota, la kushoto na la kulia, yanaunguza, nikayaangalia, nikajua kabisa kwamba zilikuwa tatu. Sikusema. Sikuona cha kusema. Ya tatu ilikuwa ya bunduki, imejiwekea.

"Aaa," baba akasema, ameridhika kwa mara ya kwanza wiki nne. "Hii mali." Akaishusha mtutu chini, kidole bado pale pale, akamnyooshea Mzee Shija kama mtu anayerudisha mwamvuli.

Mzee Shija akapeleka mkono kuipokea. Alikuwa tayari anacheka. "Mzaramo," akasema, "bado—"

Ikalia.

Alisimama kidogo. Halafu akaanguka chali, akajiviringisha, akaanza: "Mayu! Mayu wane! Mayu!"

Na mie nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Nilishika tumbo. Baba, masikio yanamlia, akacheka kwanza pumzi moja au mbili, kwa sababu kile kilio alikijua, kilikuwa kile kile cha msiba wa mama yake. Na mama, ambaye aliona tu mtani yuko chini anajigaragaza kama kawaida yake, aliweka birika, akavua khanga ya juu huku anakuja mbio akicheka, akamfunika gubigubi. "Kufa vizuri leo, mpagazi! Sanda hii hapa, usisumbue watu!"

Khanga ilikuwa ya manjano. Upande wa miguuni ikawa nyekundu taratibu, kama kitambaa kinachonyonya chai.

Hata hapo nilicheka. Nakumbuka niliwaona wao wameacha, nikadhani ni zamu yangu, nikaongeza sauti. Baba akanipiga kibao cha kwanza na cha mwisho maishani mwake. Mama alikuwa amepiga magoti, anaifungua khanga na kuifunga tena, anafungua, anafunga, anasema, "Si kweli, mtani, niambie si kweli." Ile katambuga ya kulia ilikuwa na nusu ya mbele imeondoka, pamoja na vilivyokuwamo. Na kuku wetu, ambao kila kitu kikimwagika hudhani ni chakula chao, wakaja mbio kutoka kwenye mihogo. Niliwafukuza. Nilichelewa.

Jirani aliyekuwa na pikapu alimwaga nazi zake barabarani, wakampakia. Hospitali walikata kilichobaki cha mbele, wakamwachia kisigino na kipande kidogo. Polisi walipokuja kuuliza, baba alikuwa amesimama ukutani, mdomo wazi, anatafuta neno la kuanzia. Mzee Shija alimtangulia kutoka kitandani. "Nilikuwa naipangusa. Nimejipiga mwenyewe. Andikeni, mzee mjinga." Baba akaufunga mdomo. Bunduki ilichukuliwa na haikurudi. Lile gongo la babu baba alilipeleka mwenyewe kituoni, akalikabidhi, na kwale wa upande wetu wakafa kwa uzee.

Jioni moja alinikalisha kwenye ngazi. Hakuwa mkali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Siku ile. Ulimpa ngapi?"

Nilimwangalia. Nilikuwa bado nina ile nguvu ya kuambiwa *usimwambie*. Na nilikuwa na kibao shavuni.

"Mbili."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu la hesabu aliloliogopa. "Mbili. Nilipiga mbili. Maganda mawili. Basi bunduki ile ni mbovu." Akapata cha kushika. Miaka yote aliyobakiza aliwaambia watu, kwenye kahawa, kwenye harusi, hata wasiouliza: zile zinazojipakia zenyewe msinunue, zina tabia ya kubakiza. Karani wa ghala, mtu aliyeishi kwa kuhesabu magunia, akazunguka mtaa mzima akieleza kwamba mbili ni tatu. Wakamcheka. Na macho yake, akishamaliza kueleza, yalikuwa yanarudi kwenye mkono wake mwenyewe wa kulia, anaukunja na kuukunjua. Alikufa hajanunua kitu kingine chochote cha kupima.

Mzee Shija yeye alirudi. Kila Idd alifika kwetu, mwendo wa saa moja sasa ukiwa wa nusu siku, kwa fimbo, anarusha kisigino mbele kisha anakivuta: *ta, sss, ta, sss*. Hakubisha hodi. Alikwenda bandani, akachagua kuku, akamfunga miguu.

"Mtani, huyo anataga!" mama alimwambia.

"Huyu ni ndugu yangu wa damu. Bibi yake alinila."

Mama alicheka, kwa sababu ilibidi, halafu akaingia ndani akakaa. Baba alicheka, kwa sababu anayekunja uso ndiye mwenye makosa. Na mie, kila mwaka, nilikwenda kumwamkia, naye akanishika kidevu kwa vidole vinavyonuka tumbaku, akauliza kwa sauti ya juu ili wote wasikie na asielewe yeyote:

"Marahaba. Hujambo, mweka akiba?"

Watu walidhani ananisifu kwa ubahili. Mpaka leo kuna mashangazi zangu wananiita hivyo. Alikuwa ameniokoa kwa kutozitaja zile tatu, na hakukubali hata siku moja nisahau, na sijui kwa Kiswahili mtu kama huyo anaitwaje zaidi ya mtani. Mie nikaanza kukaa ndani siku za Idd. Halafu siku nyingine pia. Watu husema nilizaliwa hivi.

Basi kesho yake, baada ya ile simu ya mama, nilikwenda msibani. Turubai lilikuwa limejaa. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa mkekani katikati ya wanawake, macho yamekauka, na aliponiona akasema kwa sauti kubwa, "Hee! Wazaramo wamefika, ficheni masufuria!" Wanawake wakacheka kidogo. Walikuwa wananisubiri. Ndiyo kazi ya mtani, kumrudisha marehemu dakika tano.

Nikavua kiatu cha kulia. Nikafunga gunia kwenye mguu, nikaokota fimbo, nikaanza kupita katikati ya watu: *ta, sss, ta, sss*. Kicheko kikapanda kama moto wa makuti. Nikamshika kuku wa watu. Nikamshika Mama Kulwa kidevu. Nilimwigiza vizuri mno. Mtu uliyemwogopa unamjua kila kiungo.

Kisha nikasimama, na sikuwa nimepanga, nikasema kwa sauti yangu.

"Zilikuwa tatu. Mie ndiye niliyempa. Baba alisema mbili, mie nikampa tatu, nikajua, nikanyamaza. Na baba aliponiuliza nikamwambia mbili."

Wote wakautazama mguu wangu wenye gunia.

Halafu turubai zima likalipuka. Mwanamke mmoja alilala chali. Mama Kulwa alijipiga mapajani, machozi yanamtoka sasa, machozi aliyokosa tangu jana. "Mzaramo muongo wewe! Mtoto wa miaka minane! Mpaka mguu mnataka kutunyang'anya, mseme ni wenu!" Akapangusa uso kwa khanga. "Rudia. Rudia, mwanangu, usiniache."

Nikarudia. Safari ile nilichechemea vizuri zaidi.